R46.0: Uchafu wa Mgonjwa Unapoingia Kwenye Jalada

Siku hizi wagonjwa wanasoma majalada yao. Marekani, tangu Aprili 2021, hospitali haziruhusiwi kumzuilia mgonjwa maandishi ya daktari wake bila sababu inayotambuliwa kisheria, na mara nyingi maandishi hayo humfikia kwenye simu kabla hata hajafika nyumbani. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zinampa mhusika haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe. Humo ndani, katikati ya vipimo vya sukari na shinikizo la damu, mtu anaweza kukuta herufi moja na tarakimu tatu: R46.0. Akiulizia maana yake, ataambiwa ni kiwango cha chini sana cha usafi wa mwili.

Maswali hufuatana. Tangu lini uchafu ukawa ugonjwa? Nani amepima? Bima wataona? Watumishi wa afya nao hawaelewani. Wako wanaoamini kwamba kuandika hali hiyo ni sehemu ya kazi, kama kuandika joto la mwili. Wengine wanaona ni tusi lililovikwa koti jeupe. Sehemu kubwa ya mzozo inatokana na kuchanganya vitendo viwili: kueleza kilichoonekana kwa maneno, na kukigeuza kuwa msimbo. Maelezo hubaki ndani ya jalada, yakizungukwa na habari nyingine za mgonjwa. Msimbo hutoka peke yake, ukaenda kwa bima, kwenye takwimu na kwenye mifumo mingine, bila maelezo yoyote pembeni.

Orodha ya vifo iliyokua

Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, unaojulikana kwa kifupi ICD, ulianza kama orodha ya sababu za vifo. Mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha yake mwaka 1893, na kwa miongo kadhaa ilihesabu waliokufa tu. Toleo la sita la mwaka 1948, lililosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, ndilo lililoingiza magonjwa ya watu walio hai. Tangu hapo orodha imekuwa ikinenepa, maana mtu aliye hai huja hospitali na mambo mengi yasiyo na jina la ugonjwa.

Toleo la kumi, lililopitishwa mwaka 1990, lilitenga sura nzima ya dalili ambazo bado hazijapata maelezo. Ndimo ilimo R46, inayohusu mwonekano na tabia. Majirani wa R46.0 wanashangaza. R46.1 ni mwonekano wa ajabu, R46.5 ni kushukushuku na kukwepa maswali, na R46.7 ni maneno mengi yanayoficha sababu ya mtu kuja. Kwa hesabu hiyo, mzee wa pwani anayeuliza kwanza hali ya watoto na mvua kabla ya kutaja kinachomuuma, kama adabu inavyotaka, naye ana msimbo wake.

Sura hii ina kanuni inayosahaulika. Msimbo wa dalili hutumika pale ambapo chanzo hakijajulikana. Chanzo kikishathibitishwa, na dalili ikawa ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huo, msimbo wa dalili hauandikwi tena. Toleo la Marekani linatamka wazi kwamba R46 haitumiki kwa mwonekano na tabia zinazotokana na skizofrenia na magonjwa mengine ya akili. Maana yake ni kwamba wagonjwa ambao watu wengi huwafikiria kwanza wanaposikia habari za kutooga, wale wa wodi ya magonjwa ya akili, hawastahili kabisa kupewa msimbo huu mara ugonjwa wao unapojulikana. R46.0 iliumbwa iwe alama ya kuuliza.

Tena ni alama isiyo na rula. Hakuna mahali orodha inaposema "chini sana" inaanzia wapi: siku ngapi bila kuoga, harufu ya namna gani, kucha za urefu gani. Fundi wa gereji anayepitia hospitali akitoka kazini na mgonjwa aliyelala na nguo moja mwezi mzima wanaweza kuangukia kwenye msimbo mmoja, ikitegemea nani yuko zamu.

Hoja ya wanaotaka uandikwe

Hoja yao nzito inatoka kwa wauguzi. Kuoga ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Inahitaji nguvu za miguu, mizani ya mwili, mikono inayofika mgongoni, kumbukumbu ya hatua zinazofuatana, na hamu ya kuishi. Kipimo cha Katz cha mwaka 1963, ambacho bado kinatumika kupima uwezo wa wazee kujihudumia, kina shughuli sita, na ya kwanza ni kuoga. Mwanamke wa miaka 70 aliyekuwa akija kliniki amejitanda kanga safi, na leo amekuja na nguo zenye mabaki ya chakula, amebeba habari ambayo mashine ya presha haiwezi kuitoa. Inaweza kuwa ni kiharusi kidogo, sonona, macho yaliyofifia, au mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Daktari wa leo asipoandika, wa mwezi ujao hatakuwa na cha kulinganisha.

Historia inawaunga mkono. Mwaka 1975 madaktari watatu wa Uingereza walieleza habari za wazee 30 waliolazwa wakiwa wagonjwa na wachafu kupita kiasi. Wengi walikuwa watu waliowahi kufanikiwa kazini, na nusu yao hawakuonyesha ugonjwa wowote wa akili. Walikutwa na upungufu wa virutubisho kadhaa mwilini, na vifo vilikuwa vingi. Hali hiyo ilipachikwa jina la Diogenes, mwanafalsafa wa Kigiriki anayesimuliwa kuwa aliishi ndani ya mtungi. Alionewa: Diogenes alikataa mali kwa hiari na alipenda kubishana na watu sokoni, ilhali wazee wale walijifungia ndani na kulundika takataka. Jina halikufaa, ila jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Leo miongozo ya sheria ya Uingereza ya mwaka 2014 kuhusu huduma kwa watu wazima inataja kujitelekeza kuwa moja ya mambo ambayo halmashauri inapaswa kuyashughulikia.

Kuna pia suala la ushahidi. Mgonjwa aliyepooza akiletwa na ndugu zake akiwa na vidonda vya kulalia na nepi ya siku nyingi, maelezo ya siku ile ndiyo yatakayosaidia baadaye kujua kama alitelekezwa nyumbani au aliharibikia wodini. Kunyamaza kwa ajili ya heshima hapo kunamlinda mkosaji.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inathibitisha umuhimu wa kuandika, haithibitishi umuhimu wa msimbo. Faida zote zilizotajwa zinatokana na maelezo: nini kimeonekana, lini, kimebadilikaje. R46.0 peke yake haina hata kimoja cha hivyo.

Hoja ya wanaokataa

Wapinzani wanaanzia kwenye kile kinachotokea kwa msomaji wa jalada. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwapa wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni zaidi ya 400 jalada la mgonjwa mmoja wa kubuni mwenye selimundu, kwa matoleo mawili. Taarifa za kitabibu zilikuwa zilezile, ila toleo moja lilikuwa na lugha ya kudhalilisha. Waliosoma toleo hilo walimwona mgonjwa kwa jicho baya zaidi, na walielekea kumpa matibabu hafifu ya maumivu. Maneno yaliwafikia kabla ya mgonjwa.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2022, ulipitia maandishi zaidi ya 40,000 ya hospitali moja ya chuo kikuu mjini Chicago. Uwezekano wa kuandikiwa angalau neno moja la kumshusha mtu, kama vile mkali, hashirikiani au amekataa, ulikuwa mara 2.54 kwa wagonjwa weusi ukilinganisha na weupe. Maneno yaliyochunguzwa hayakuwa ya usafi, kwa hiyo tusiyanyooshe kupita urefu wake. Lakini ni vigumu kuamini kwamba macho yanayoona ukaidi kwa upendeleo yatageuka ya haki yanapotazama nguo na nywele.

Kisha kuna tabia ya mifumo ya kompyuta. Katika daftari la karatasi, neno baya hufunikwa na kurasa. Katika mfumo wa kielektroniki, orodha ya matatizo ya mgonjwa hunakiliwa kutoka ziara moja hadi nyingine, na hakuna anayekumbuka kuifuta. Mtu aliyefika mchafu siku moja, baada ya siku tatu za msiba au za safari ya lori, anaweza kubaki mchafu kwenye skrini miaka mitano.

Hoja hizi zina nguvu, ila zikisukumwa hadi mwisho zinaleta madhara. Daktari anayeogopa kusomwa huanza kuandika maneno laini yasiyo na habari, kama vile "mwonekano wa wastani", na hiyo ni njia nyingine ya kumpuuza mgonjwa. Harufu ya pumzi inaweza kuashiria kisukari kilichopanda, na harufu ya kidonda inaweza kuashiria nyama iliyooza. Adabu isiyotaja harufu inaweza kuua.

Harufu zisizo na uhusiano na sabuni

Ubaya mkubwa wa kukimbilia msimbo wa usafi unaonekana pale chanzo kinapokuwa hakihusiani na usafi hata kidogo. Afrika Mashariki ina mfano usio na kifani: fistula ya uzazi. Mwanamke aliyekaa na uchungu uliokwama siku mbili au tatu bila msaada huweza kubaki na tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo ukawa unatiririka mchana na usiku. Wengine hupunguza kunywa maji ili wasivuje sana, nao mkojo hukolea na kunuka zaidi. Anaweza kuoga mara tano kwa siku na bado akaingia chumba cha daktari na harufu. Akiandikiwa usafi duni, kosa ni la kitabibu kabla ya kuwa la adabu, maana ugonjwa wake una msimbo, N82.0, na una upasuaji, unaofanywa katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam. Jalada linalosema "usafi duni" linampeleka kwenye ushauri wa kuoga. Linalosema "mkojo unavuja bila kukoma tangu alipojifungua" linampeleka kwa mpasuaji.

Upo pia ugonjwa wa kurithi ambapo ini hushindwa kuvunja kemikali itokanayo na vyakula kama samaki na mayai, na jasho la mgonjwa likatoa harufu ya samaki. Ni nadra. Wenye nao husimangwa maisha yao yote kwa kutooga, ingawa wengi wao huoga kupita kiasi.

Upele nao umebebeshwa lawama isiyo yake. Huenezwa na utitiri unaohama kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa watu wanapobanana kwenye chumba kimoja, na kuoga hakuuondoi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Funza, wanaowatesa watoto na wazee huko Murang'a nchini Kenya na Busoga nchini Uganda, hustawi kwenye sakafu ya vumbi na palipo na mifugo. Mtoto anayelala kwenye sakafu hiyo hana chaguo la kutokuwa na funza. Magonjwa yote mawili yana misimbo yake, B86 na B88.1, na hakuna unaohitaji kuongezewa R46.0 pembeni ili uelezeke.

Trakoma ni tofauti kidogo, na ndiyo inayotufundisha zaidi. Hapa usafi kweli ni sehemu ya sababu. Majaribio yaliyofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na matokeo yake kutolewa mwaka 1995, yalionyesha kwamba kuhimiza kunawisha watoto nyuso, pamoja na dawa, kulipunguza trakoma kali. Watafiti wa trakoma hawakuridhika na kuandika kwamba mtoto ni mchafu. Walikubaliana waangalie vitu vinavyoonekana kwa kila mtu: kuna tongotongo? kuna makamasi? Swali likishakuwa la namna hiyo, watu wawili wanaweza kupima mtoto mmoja na kupata jibu moja, na hakuna mama anayetukanwa.

Kuandika chanzo

Kundi la tatu linasema mjadala wote umeanza mahali pabaya. Mtu akiwa mchafu kwa sababu hana pa kulala, andika kwamba hana makazi: Z59.0. Nyumba haifai kuishi, Z59.1. Anahitaji mtu wa kumwogesha, Z74.1. Mgao wa maji haufiki, Z58.6. Misimbo hii inamwelekeza anayesoma kwenye kitu kinachoweza kufanyiwa kazi: malazi, mhudumu, bomba.

Marekani imeweka fedha nyuma ya wazo hili. Kuanzia Oktoba 2023, mpango wa bima wa serikali kwa wazee unahesabu ukosefu wa makazi kuwa hali inayoongeza uzito wa mgonjwa aliyelazwa, na hospitali inaweza kulipwa zaidi kwa kumhudumia. Mwaka uliofuata makazi duni na yasiyo ya uhakika yakaongezwa. R46.0 haina malipo ya ziada ya aina hiyo. Mwelekeo unaonekana: mfumo unaanza kulipia sababu na kuuacha mwonekano bila bei.

Njia hii ina mitego miwili. Kwanza, umaskini nao unaweza kuandikwa kwa kukisia. Daktari anayetazama kandambili zilizokatika na kuandika Z59.5, umaskini uliokithiri, bila kuuliza neno, amefanya kosa lilelile la yule wa R46.0. Pili, palipo na fedha pana kishawishi. Hospitali inayolipwa zaidi kwa mgonjwa asiye na makazi itajifunza kuwaona wengi, na si wote watakaopata pa kwenda baada ya kuruhusiwa.

Anayeona na anayetia sahihi

Kuna kizingiti kimoja cha kiutendaji ambacho wabishani wa pande zote hukipita bila kukitazama. Mtu wa misimbo, awe mtunza kumbukumbu wa hospitali au kampuni ya madai ya bima, haruhusiwi kutafsiri. Huchukua kile ambacho mhudumu mwenye dhamana ya utambuzi wa ugonjwa amekiandika. Ukikuta kwenye maelezo ya muuguzi kwamba mgonjwa ameogeshwa na nguo zimetupwa, huwezi kujitungia R46.0.

Mwongozo wa Marekani umelegeza kanuni hiyo kwa misimbo ya hali za kijamii. Kwa hiyo, maelezo ya muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, hata ya mgonjwa mwenyewe yakithibitishwa na mhudumu na kuingizwa kwenye jalada, yanatosha kwa Z59. Hayatoshi kwa R46.0, kwa sababu hiyo inahesabiwa kuwa dalili. Matokeo yake ni ya kuchekesha kidogo. Daktari aliyekaa na mgonjwa dakika saba ndiye mwenye mamlaka ya kusema ni mchafu. Muuguzi aliyemvua nguo, akamwogesha, akaona alama za mwilini na kusikia kisa cha nyumbani, hana mamlaka hayo, lakini maneno yake yanakubalika kueleza kwamba mgonjwa hana nyumba. Labda mgawanyo huo una busara ambayo haikukusudiwa, maana unaupa nguvu ushahidi wa aliyeuliza kuliko wa aliyetazama.

Kwetu kizingiti ni kingine. Muhtasari wa kila mwezi wa mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, MTUHA, na ule wa wagonjwa wa nje nchini Kenya, umejengwa juu ya orodha ya magonjwa. Hali kama hii, hata ikiandikwa kwenye rejista, itamezwa na safu ya mengineyo. Hoja kwamba msimbo utawasaidia wapangaji kujua ni vijiji gani havina maji haina miguu hapa. Kinachobaki ni lile jalada na mtu atakayelisoma.

Mizani inaelemea wapi

Maelezo yana faida karibu kila mara, ilimradi yawe ya kitu kilichoonekana. "Nguo zina mkojo mkavu, kucha ndefu, anasema hajaoga tangu mkewe alipofariki, mkono wa kulia hauinuki" ni sentensi moja yenye uwezekano wa magonjwa mawili na msiba mmoja. "Mchafu" haina kitu. Tofauti hii ina uzito hata mgonjwa anapotumia haki yake ya kuomba marekebisho: mkojo kwenye nguo ulikuwepo au haukuwepo, lakini kiwango cha chini sana ni maoni, na maoni yasiyo na kipimo ni vigumu kuyatetea.

Msimbo wenyewe unastahili nafasi finyu. Unafaa pale ambapo kushindwa kujitunza ndiko kulikomleta mtu au ndiko kunakobadilisha matibabu yake, na chanzo hakijapatikana. Mzee aliyekutwa nyumbani peke yake na kuletwa na majirani usiku, kabla ya vipimo vyovyote, anaweza kupewa R46.0 kwa uhalali kamili. Inakuwa ahadi kwamba kuna jambo la kufuatiliwa. Akiruhusiwa wiki moja baadaye na msimbo uleule ungali umekaa, peke yake, basi hakuna aliyefuatilia. Pale sonona ilipopatikana, iandikwe sonona. Pale mwana aliyekuwa akila pensheni ya baba na kumwacha kwenye kinyesi alipojulikana, kuna misimbo ya kutelekezwa, inayotofautisha kinachoshukiwa na kilichothibitishwa, na kuna ofisa ustawi wa jamii wa kuitwa.

Gharama ya msimamo huu ni muda. Kuandika "usafi duni" ni maneno mawili; kuuliza kwa nini ni dakika tano, na katika zahanati yenye foleni iliyofika getini dakika tano ni wagonjwa wawili. Ndiyo maana haitatosha kuwahubiria madaktari adabu ya lugha. Toleo la kumi na moja la ICD lilianza kutumika rasmi Januari 2022, na kila nchi inayolihamia inaandika miongozo yake ya matumizi. Hapo ndipo pa kuamua kama maneno ya muuguzi na ya ofisa ustawi wa jamii yatakubalika kuwa msingi wa msimbo wa hali ya kijamii, kama msimbo wa mwonekano utakuwa na tarehe ya kwisha ndani ya mfumo, na nani ana jukumu la kuufuta.